Kuku wa Mmoja, Kideri cha Wote

Ukiingia ua wowote wa Chunyu, wilayani Ruangwa, au wa vijiji vya upande wa Nachingwea, hutakosa kuku. Hapa kuna matetea watatu na jogoo wao, pale kuna koo na vifaranga wake, na nyumba ya tatu ina bata wanaochokoa tope penye maji ya kuoshea vyombo. Kila mmoja ana mwenyewe, na mwenyewe anawajua kwa rangi, kwa mwendo na kwa tabia. Kuku hana alama ya moto kama ng'ombe wala hahitaji mchungaji, lakini jioni hurudi kwake bila kukosea nyumba. Kwa hiyo tumezoea kumhesabu kuwa mali ya mtu binafsi kuliko mali nyingine yoyote ya nyumbani: akiongezeka ni riziki ya mwenyewe, akifa ni hasara ya mwenyewe, na jirani hana la kufanya ila kutoa pole. Sura hii inapinga nusu ya mazoea hayo. Kuku ni wa mwenyewe, hilo halina ubishi. Lakini uhai wa kuku huyo umo mikononi mwa kitongoji kizima, na mpaka tuanze kuutunza kwa pamoja, kwa tarehe moja na kwa utaratibu mmoja, tutaendelea kulea vifaranga miezi kumi ili ugonjwa wa kideri uje uwachukue katika wiki mbili.

Kwanza tuone kwa nini jambo hili lina uzito. Kusini mwa Tanzania hakukuwa na desturi ya kufuga ng'ombe wengi. Mbung'o walitawala mapori kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya ng'ombe wanaoonekana leo mkoani Lindi walikuja na wafugaji waliohamishwa kutoka Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007. Kwa Mmwera, Myao, Mmakua au Mmakonde wa maeneo haya, mnyama wa nyumbani tangu zamani amekuwa kuku, akifuatwa na mbuzi na bata. Fedha kubwa hutoka shambani, nayo huja kwa msimu. Ufuta huvunwa kati ya Mei na Julai, korosho huanza kuokotwa mwezi wa tisa au wa kumi, na mazao hayo hupita ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mkulima hupeleka mzigo, husubiri mnada, kisha husubiri malipo. Katika msimu wa korosho wa 2018/2019, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa Sh 3,300 kwa kilo baada ya wafanyabiashara kutoa bei ndogo, uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na wengi walikaa miezi bila fedha mkononi. Daftari la shule, nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitalini na kilo ya sukari havingoji uhakiki. Wakati kama huo kinachouzwa ni kuku. Mbuzi huwezi kumuuza robo, lakini kuku unauza mmoja kwa haja ndogo na watatu kwa haja kubwa, saa yoyote, mwezi wowote. Tena mara nyingi fedha hiyo ni ya mama wa nyumba, anayeipanga mwenyewe bila kusubiri kikao cha chama.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja ana matetea wanne wa kienyeji. Kila tetea hutaga mayai kumi hadi kumi na tano kwa awamu, huyaatamia siku 21, kisha huwalea vifaranga miezi miwili au zaidi kabla ya kuanza kutaga tena. Kwa mwendo huo huweza kuatamia mara tatu kwa mwaka. Akitotoa vifaranga kumi kila mara, matetea wanne watatoa vifaranga 120. Tuwaondoe sasa wanaochukuliwa na mwewe, nguchiro, kicheche na kenge, tuwaondoe na wanaokufa kwa mvua na kwa njaa, tuseme wote hao ni nusu. Wanabaki 60. Ua ulioanza na matetea wanne ungekuwa na kuku 60 wa kuuza, wa kula na wa kuendeleza mbegu. Mbona basi baada ya mwaka hukuti hata robo yao katika ua huohuo, ilhali mwenyewe hakuuza wala kuchinja kiasi hicho? Wepesi wa kulaumu husema mfugaji ni mvivu au mbegu ya kienyeji ni dhaifu. Hesabu inasema vingine. Tetea alitaga, aliatamia na kulea kama inavyompasa, na mwewe alichukua fungu lake la kawaida. Kilichofuta faida ni kideri, ambacho kikiingia katika kundi lisilochanjwa huweza kuua kuku wanane kati ya kumi, na pengine hakibakizi hata mmoja.

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kilitambuliwa na wataalamu mwaka 1926 kilipozuka kisiwani Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, na jina la mji huo ndilo linalotumika katika vitabu vya madaktari wa mifugo hadi leo. Husababishwa na kirusi, kwa hiyo hakina tiba. Vidonge vya rangi mbili vinavyofunguliwa na kutiwa kwenye maji, pilipili, majivu na shubiri humpa mfugaji faraja ya kufanya jambo, lakini havikigusi kirusi. Kuku aliyeshikwa hujikunyata na kushusha mbawa, hupumua kwa kukoroma mdomo ukiwa wazi, huharisha kinyesi cha kijani, na yule anayedumu siku chache zaidi hupinda shingo na kuzungukazunguka mahali pamoja. Dalili hizo kila mfugaji anazijua. Kisichoonekana ni muda unaotangulia. Tangu kirusi kuingia mwilini hadi dalili ya kwanza, kwa kawaida hupita siku tano au sita, na pengine wiki mbili. Katika muda huo kuku anakula, anawika na anauzika, na kabla hajaonekana mgonjwa anaweza kuwa ameshaanza kumwaga kirusi kwa pumzi na kwa kinyesi. Kwa hiyo mfugaji hodari kuliko wote, mwenye jicho la kumtambua mgonjwa kwa mbali, bado hawezi kumtambua kuku atakayeuleta ugonjwa nyumbani kwake.

Fuatilia safari za kuku katika miezi ya kiangazi uone jinsi ua mmoja unavyofungwa na mwingine. Ufuta umelipwa, mvua zimekwisha, njia zinapitika. Ni wakati wa harusi, jando na unyago, na hakuna shughuli ya namna hiyo isiyohitaji kuku. Ndugu anakuja na jogoo wa zawadi kutoka kijiji kingine. Mchuuzi anapita na pikipiki, tenga limefungwa nyuma, akinunua wawili hapa na watatu kule, na kuku wa vitongoji vinne wanalala katika tenga moja kabla ya kufika mjini Ruangwa. Aliyepeleka kuku mnadani akakosa bei anamrudisha nyumbani, naye anachanganyika na wenzake jioni ileile. Hata asiyenunua wala kuuza anatembelewa: kuku wa jirani wanavuka, njiwa wanashuka kuokota pumba, na kinyesi kinasafiri chini ya kandambili. Si ajabu kwamba mlipuko wa kideri hupenda miezi ya kiangazi. Miezi hiyo ndiyo kuku husafiri zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo kila mtu analijua na wachache wanalisema. Ugonjwa unapoingia nyumbani na kuku wa kwanza akafa, mwenyewe hufanya kinachoonekana kuwa busara: huwauza upesi waliobaki kabla hawajafa. Kwa upande wake hajakosea hesabu. Kuku aliyeuzwa leo kwa nusu bei ana faida kuliko mzoga wa kesho, na mwenye watoto wa kulisha hawezi kulaumiwa kwa kuokoa alichoweza. Lakini kuku wale wanakwenda na kirusi kwenye nyua nyingine, na wenye nyua hizo nao, baada ya wiki moja, watafanya hesabu ileile. Busara ya kila mmoja inakuwa hasara ya wote. Hapa mahubiri kuhusu uaminifu hayatasaidia sana, kwa maana tatizo halikuletwa na tabia mbaya ya mtu. Limeletwa na hali ambayo mtu mwema na mwenye akili hana njia nyingine. Dawa ni kumpa njia nyingine, yaani kuhakikisha kuku wake hawako katika hatari ile tangu mwanzo.

Bata wanastahili neno lao katika mlolongo huu, maana wengi huwafuga pamoja na kuku na kuwalaza banda moja. Bata wa vijijini kwetu, yule mwenye nyama nyekundu usoni na asiye na kelele, asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Huatamia siku 35, ni mama mwangalifu, hula konokono, wadudu na mabaki ambayo kuku huyaacha, na kideri kikipita mara nyingi yeye husimama wakati kuku wanaanguka. Ndiyo maana wapo wanaoamini kwamba bata ni kinga ya ua. Ukweli ni kwamba bata anaweza kubeba kirusi cha kideri bila kuonyesha dalili kubwa, akakiacha katika maji ya kunywa anayoyachafua kila siku. Ni mfugo mzuri, na kwa kaya iliyopoteza kuku wote ni akiba ya kuanzia tena. Apewe tu mahali pake pa kulala na chombo chake cha maji, na mwenyewe asidhani kwamba kuwa na bata kunamwondolea wajibu wa kuchanja kuku.

Chanjo ipo, na imetengenezwa kwa kuufikiria ua kama wa Chunyu. Chanjo za zamani zilihitaji jokofu muda wote, zikifungwa katika vichupa vya mamia ya dozi kwa ajili ya mabanda makubwa, na mara nyingi zilitolewa katika maji ya kunywa. Kwa kuku wanaojitafutia, anayekunywa kwenye dimbwi la jirani na yule asiyekunywa kabisa hadi jioni, njia hiyo hukosa wengi. Katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, Profesa Peter Spradbrow na wenzake walitafuta kirusi cha kideri kisichoua ambacho kingestahimili joto. Walianza na chanjo iitwayo V4, kisha katika miaka ya 1990 wakapata ile iitwayo I-2, na mbegu yake ikatolewa kwa maabara za nchi zinazoendelea ili zitengeneze zenyewe. Mikoa ya kusini mwa Tanzania ilikuwa miongoni mwa mahali chanjo za aina hii zilipojaribiwa vijijini kabla ya mwaka 2000. Leo I-2 hutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hubaki na nguvu kwa wiki kadhaa nje ya jokofu ikihifadhiwa mahali pa ubaridi pasipo mwanga, na safarini kitambaa kilicholoweshwa maji huisaidia sana. Haipendi jua kali, lakini inaweza kutoka mjini hadi kitongoji kisicho na umeme ikafika hai.

Kuitoa ni kazi ya watu wawili watulivu. Mmoja anamlaza kuku ubavu, jicho moja likitazama juu. Mwingine anavuta kidogo kope ya chini, anashika kichupa wima bila kugusa jicho, anadondosha tone moja na kusubiri. Kuku akipepesa na tone likasambaa jichoni, kazi imekwisha. Likimwagika pembeni, linarudiwa. Kifaranga wa siku moja hupewa tone lilelile analopewa jogoo mzima, kwa hiyo hakuna kupima uzito wala kukisia umri. Kinga hujengeka baada ya wiki moja au mbili na hudumu takribani miezi minne, ndipo tone lingine linahitajika. Mtu aliyefundishwa kwa siku chache anaweza kuifanya kazi hii vizuri, na penye wachanjaji wa jamii, wanawake wameifanya kwa ufanisi mkubwa, kwa sababu wao ndio wanaojua nani ana kuku wangapi na wamelala wapi.

Hapa ndipo hoja yangu inaposhika mizizi, maana chanjo hii ukiitazama kwa karibu utaona haikubali kutumiwa na mtu mmoja mmoja. Tuseme kichupa kina dozi 200. Mwenye kuku kumi akikinunua peke yake atatumia dozi kumi na kutupa 190, kwani chanjo ikishachanganywa haiwekwi akiba. Gharama yote imeangukia kuku kumi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema chanjo ni ghali. Kichupa hichohicho kikigawanywa kwa nyumba ishirini siku moja, gharama kwa kuku mmoja inakuwa ndogo kuliko bei ya yai. Vivyo hivyo kwa safari ya kwenda dukani, kwa posho ya mchanjaji na kwa ubaridi wa kuhifadhia. Tena kinga yenyewe ina sura ya ujirani. Kirusi huendelea kuishi kwa kupata kuku asiye na kinga baada ya mwingine. Katika kitongoji ambacho nyua nyingi zimechanjwa, kinaingia ua mmoja, kinakosa pa kwenda, kinaisha. Katika kitongoji ambacho watu watatu tu wamechanja, kirusi kinazunguka kwa wiki nyingi, na vifaranga wa hao watatu walioanguliwa baada ya chanjo wanakufa pamoja na wa majirani. Waliochanja wanaona hasara na kusema chanjo haifai. Chanjo haikuwa na kosa. Ilitolewa kwa watu watatu dhidi ya ugonjwa wa watu wote.

Wapo wanaojibu kwamba kideri ni cha majira, kimekuwapo tangu enzi za mababu na kuku hawajaisha. Kila kikipita wanabaki wachache wenye nguvu, na hao ndio mbegu. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kuku anayepona hupata kinga, na tetea mwenye kinga huwapa vifaranga wake sehemu yake kupitia kiini cha yai. Lakini kinga ile ya urithi hupungua na kwisha katika wiki chache, na kundi la nyumbani hubadilika haraka kuliko mfugo mwingine wowote. Kuku wengi walio uani leo hawakuwapo mwaka jana. Kwa hiyo manusura hawajengi ukoo sugu. Wanaanzisha kundi jipya ambalo karibu lote halina kinga, tayari kwa kiangazi kijacho. Kusema kwamba kuku hawajaisha ni kweli, ila swali la mfugaji halikuwa kama kuku wataisha. Swali lake ni kwa nini hawaongezeki.

Wengine wanasema tuachane na kuku wa kienyeji, tuwafungie kuku wa kisasa bandani. Sina ugomvi na kuku hao. Kati ya 2014 na 2019 mradi mkubwa wa utafiti ulioshirikisha Tanzania, Ethiopia na Nigeria uliwajaribu kuku aina ya Sasso na Kuroiler katika mazingira ya vijijini, na ni kweli wanakua upesi na kuwa wazito kuliko wa kienyeji. Kwa aliye karibu na soko, mwenye mtaji wa chakula na umeme wa kulea vifaranga, ni biashara halali. Lakini tofauti ya msingi iko katika chakula. Kuku wa kienyeji hujitafutia: mchwa, mbegu za majani, pumba, makombo na punje zilizodondoka penye kupuria ufuta na mtama. Chungu kilichofunikwa juu ya mabua na kinyesi cha ng'ombe usiku mmoja hukusanya mchwa wa kutosha kuwalisha vifaranga asubuhi, bila kutumia hata shilingi. Ukimfungia kuku, kila kilo anayoongeza unainunua. Na baada ya gharama zote hizo, kirusi cha kideri hakiulizi mbegu. Kuku wa kisasa anahitaji chanjo hata zaidi, kwa kuwa aliyewekeza kingi hupoteza kingi.

Nachingwea ina historia inayopaswa kutufanya tuwe waangalifu na mipango inayoanza kwa ukubwa. Mwaka 1947 Waingereza waliianza Skimu ya Karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandazwa kuja bara, matingatinga yakaletwa. Mapema mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36, na katika miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Udongo, mvua na watu wa mahali havikuulizwa mapema. Siitaji skimu hiyo ili kusema ukubwa ni dhambi. Ninasema kwamba penye uzalishaji unaopotea kwa sababu moja inayojulikana, hatua ya kwanza ni kuiondoa sababu hiyo. Kaya yenye matetea wanne haijashindwa kuzalisha vifaranga 60 wanaokua. Tayari inawazalisha. Inachohitaji ni kutowazika.

Kuna pingamizi jipya, nalo ni zito zaidi: kwamba Serikali sasa imelibeba jambo hili. Juni 2025, mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na kuku wa asili wamo ndani yake, tena bila mfugaji kulipia. Ni hatua kubwa, na inaonyesha kwamba kuku wa mama wa kijijini ameanza kuhesabiwa katika bajeti ya nchi. Lakini tukumbuke miezi minne. Tetea aliyechanjwa leo ataatamia baada ya wiki mbili, na vifaranga wake hawatakuwa wamepata tone lolote. Kampeni ikipita mara moja kwa mwaka, ikaja mwezi ambao watu wako mashambani wanakoshinda na kulala wakilinda mazao, nusu ya nyua zitakutwa zimefungwa. Kampeni ya taifa inaweza kuleta dozi wilayani. Haiwezi kujua kwamba koo wa nyumba ya tano anaangulia chini ya kitanda, wala kuwaambia watu jioni ya kuamkia chanjo wasiwafungulie kuku alfajiri. Hilo ni la kitongoji, na kadiri msaada wa juu unavyokuwa mkubwa ndivyo utaratibu wa chini unavyohitajika ili msaada usimwagike.

Litaulizwa pia swali la haki. Je, nimlazimishe jirani asiyetaka? Na maskini asiye na shilingi mia chache afanyeje? Kwa swali la kwanza, sheria haiko kimya. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo, zikapitiwa na halmashauri ya wilaya. Vijiji vimezitumia kulinda vyanzo vya maji na kuzuia moto wa msituni, kwa sababu moto wa mmoja huunguza mikorosho ya wengi. Kideri kina hoja ileile. Hata hivyo ningeanza na makubaliano ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya faini, kwa kuwa mtu aliyeona kuku wa jirani wakisimama kiangazi kizima hahitaji kutishwa. Kwa swali la pili, kaya maskini kabisa ndizo zenye kuku wachache, kwa hiyo gharama ya kuwachanjia bure ni ndogo mno, na faida yake inarudi kwa wote. Kuacha ua mmoja bila chanjo kwa sababu mwenyewe hana fedha ni kuwaadhibu waliolipa.

Mwisho kuna wanaoonya kwamba chanjo haitamaliza matatizo. Mwewe hajui chanjo, ndui na utitiri vitabaki, na kuku wakiongezeka wataparua bustani za watu na kula makopa yaliyoanikwa. Wako sahihi, na nafurahi kulijibu onyo hili kwa sababu ni tatizo la mafanikio. Vifaranga hufichwa chini ya tenga mwewe asiwaone katika wiki zao za kwanza. Utitiri hupungua banda likifagiwa na kunyunyiziwa majivu. Kuhusu wingi, ua una kiasi cha chakula kinachookotwa, na kuku wakizidi kiasi hicho wote wanakonda. Hapo mfugaji anapaswa kujifunza jambo ambalo kideri hakijawahi kumruhusu kulifikiria, yaani kuuza kwa kuchagua: kuwatoa majogoo wanaozidi wakiwa na miezi sita au saba, kubakiza matetea bora, na kupanga mauzo kwa pamoja ili mchuuzi aje na bei ya kuku hamsini na si ya wawili. Kila moja ya hatua hizi ina maana pale tu kuku wanapoishi. Nani atajenga banda zuri kwa ajili ya kundi analojua litakufa Septemba?

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kidogo na kinaweza kuanza katika mkutano mmoja. Kitongoji kichague tarehe tatu kwa mwaka, ziachane kwa miezi minne, na mojawapo iangukie kabla ya miezi ya hatari: Januari, Mei na Septemba zinafaa kwa kalenda ya ufuta na korosho. Kichague wachanjaji wawili, walau mmoja mwanamke, wafundishwe na afisa mifugo wa kata na walipwe kwa kila kuku. Mchango wa chanjo ya Januari utengwe wakati wa malipo ya korosho, na wa Septemba wakati wa ufuta, ili usitafutwe siku fedha haipo. Kuku mgeni, awe wa zawadi au wa kununua, afungiwe peke yake wiki mbili. Na anayeona kuku wake wa kwanza akishusha mbawa atoe taarifa kwa mwenyekiti siku hiyohiyo, afukie mzoga, na asiuze. Naye asiachwe peke yake na hasara, bali wenzake wakubaliane mapema kumrudishia matetea wawili wa kuanzia. Sharti hili la mwisho ndilo gumu na ndilo muhimu kuliko yote, kwa kuwa bila kifuta jasho hakuna atakayetoa taarifa. Matetea wawili kutoka nyua arobaini ni bei ndogo kwa kitongoji kinachotaka kuona kuku wake wote wakifika mwaka unaofuata.